Futi Nne za Stara

Barua yenyewe ilikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ilianza kwa kunitakia kiangazi chema, ikamaliza kwa kunishukuru kwa ushirikiano wangu, na katikati ikanitaka nikate vichaka vyote vya nyuma ya nyumba yangu visizidi futi nne, ndani ya wiki mbili. Ilitoka kwa kamati ya chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu, huku ng'ambo, hapa Apple Valley. Niliisoma nimesimama penye sanduku la barua, nikaisoma tena jikoni kwa sauti, mpaka mke wangu akaniambia nipunguze kelele, mama anasali.

Mama ndiye aliyekuwa sababu ya vichaka. Alikuja kutoka Mombasa mwezi wa Aprili kukaa nasi miezi sita. Nyumba aliyotoka ina ua wa ndani, kuta nne na mbingu juu. Hapo ndipo anapochambua mchele, anapopiga soga na dada zake, anapokausha nywele baada ya kupaka hina, kichwa wazi, bila kumfikiria mtu. Nami nikamleta kwenye nyumba ambayo nyuma yake ni nyasi tu, nyasi zilizoungana na za jirani wa kulia, na za wa kushoto, na za wa nyuma, kama uwanja wa mpira ambao timu hazijafika. Siku ya kwanza alisimama kwenye mlango wa kioo akatazama nje.

"Baba, uani ni wapi?"

"Ndipo hapo, mama."

"Hapa? Hapa ni njiani."

Akakaa ndani wiki tatu. Mwanamke aliyelea watoto saba na hajui kukaa bure, akawa anazunguka kati ya sofa na dirisha. Akitaka hewa alivaa buibui na mtandio kama aendaye matangani, akatoka, jirani akampungia mkono, akarudi. Jirani hana kosa, ni mtu mzuri. Lakini mama hakuja huku kupungiwa mkono. Alitaka kukaa nje kichwa wazi, jua limpige, anywe chai yake. Hakuomba jingine lolote kwangu, na mimi ndiye mwanawe wa pekee niliyeko ng'ambo mwenye nyumba.

Chama chetu hakiruhusu uzio wa nyuma. Nilizisoma kanuni zote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta tundu. Kuhusu vichaka zilisema tu viwe nadhifu. Basi nikaenda kununua vichaka.

Lazima niseme kwamba mimi si mtu wa kupanda. Nilitoka Mombasa kijana, nikakaa Malindi, nikakaa Muscat, nikaja Saint Paul kwenye fleti iliyo karibu na reli, kisha Eden Prairie, ambako nilipanga chumba chini ya nyumba ya watu. Kila mahali nilitia kitu ardhini, mpilipili au mrehani, na kila mara nilihama kabla sijachuma. Nikiwa Muscat niliikumbuka Malindi, na nilipokuwa Malindi nilikumbuka kwetu. Mama huniambia sina makalio ya kukalia.

Muuzaji alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana na mikono iliyochanika kwa udongo. Nilimwambia nataka kitu kirefu, kinene, na cha haraka.

"Kila mtu anataka hivyo," alisema. "Una haraka kweli, au utaweza kungoja?"

Nilimwonyesha kichaka kimoja nilichokipenda kwenye simu, kile chenye majani yanayogeuka mekundu kama moto msimu wa kupukutisha. Akatikisa kichwa. Kile kilitoka Asia, alisema, kikaruka bustani kikaingia misituni, naye hakiuzi tena. Akanishika mkono hasa, akanipeleka kwenye safu za miti na vichaka vya asili ya huku, vinavyoujua udongo wa hapa na baridi ya hapa, ambavyo ndege wa hapa wanajua kuvila. Nilipowasimulia wenzangu kazini, ambako tunaendesha magari ya kupeleka wagonjwa hospitali, walinifanyia mzaha wa wageni na wenyeji hadi ukachacha. Mimi sikuuona mzaha. Yule mama alikuwa akizungumza juu ya mizizi, na nilimsikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu.

Nilisimama kwanza kwenye mierezi myeupe. Mirefu, imenyooka, haipukutiki hata theluji ikilala juu yake. Niliona ukuta wa mama umekwisha kujengwa. Nikaanza kuhesabu kumi.

"Nyuma kwako swala hupita?" aliuliza.

"Hupita. Watatu, wanne."

"Basi hicho ni chakula chao cha Januari. Utabaki na mafagio."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Uzio."

Akacheka peke yake. Akanipitisha kwenye mwaloni mdogo, akasema ule anaununua mtu anayetaka mjukuu wake akae kivulini. Niliutazama kwa muda kidogo, nikaona haya, nikapita. Mwishowe nilichagua vichaka vya matawi mekundu kwa ule upande wa chini ambako maji ya paa hutuama, kwa kuwa hupenda unyevu na hurefuka upesi. Vichaka viitwavyo hazeli kwa pande mbili nyingine, kwa ajili ya majani yake mapana. Na mti mmoja mdogo wa pembeni, unaozaa vitunda vya zambarau mwezi wa Juni. Vyote vilikuwa kwenye vyungu, vingine vikinifikia kifuani. Binti yangu alinisaidia kuchimba. Mama alitoa amri kutoka mlangoni, kwa Kiswahili, na binti akazijibu zote kwa Kiingereza, na mashimo yakachimbwa.

Nikanunua pia viti vinne vya bustani, vya mgongo mrefu. Nilimkalisha mama kwenye kimoja sebuleni nikampima kwa kamba, kutoka sakafuni hadi utosini, nikajua ukuta unatakiwa ufike wapi. Kufikia mwisho wa Julai vichaka vilikuwa vimenifika shingoni, vimeshikana, huoni upande wa pili. Asubuhi moja mama alitoka, akaketi kitini, akatazama kulia, akatazama kushoto, akauvua mtandio akauweka mapajani. Nilikuwa jikoni, nikajifanya nasuuza kikombe.

Alikaa hivyo siku tisa. Siku ya kumi ikaja barua.

Niliomba waje wajionee. Wakaja wawili, bwana mmoja mwenye kipimo cha chuma na bibi mmoja mwenye daftari. Yule bwana akaanza kunyoosha kipimo chake juu ya hazeli zangu moja moja.

"Yule apima nini?" mama akauliza kutoka ndani, nyuma ya pazia. "Ni fundi cherehani?"

"Ni watu wa kamati, mama."

"Mwambie mimi navaa pana."

Bwana alisema vichaka vyangu vinaonekana kama pori, na kwamba kwa kamati unadhifu ni futi nne. Nikamwonyesha mwisho wa mtaa, kwenye ardhi ya chama chenyewe, palipojaa kichaka kingine cha kigeni, chenye miiba, kilicholetwa zamani kutoka Ulaya kuwa uzio, ambacho sasa kinaua kila kinachoota chini yake. Ni kirefu kuliko mtu. Nikamuuliza kile nacho kinaitwaje.

"Kile hakikupandwa na mtu," alisema.

"Na kikiwa hakikupandwa ndiyo si pori?"

"Kile hakuna aliyekilalamikia."

Kwa hiyo vyangu kuna aliyevilalamikia. Hawakutaka kusema ni nani, na sikuwauliza mara ya pili. Niliwaambia kwamba hivi ndivyo vilivyokuwa vikiota hapa kabla ya barabara yao, kabla ya nyasi zao za kunyolewa kila Jumamosi kwa mashine zinazolia kama pikipiki. Nilisikia sauti yangu ikipanda. Yule bibi wa daftari, ambaye alikuwa na uso wa huruma, akaniuliza taratibu kama kuna sababu maalumu, ya afya au ya dini. Kuna fomu, alisema. Naandika sababu, inasomwa kwenye mkutano wa wenye nyumba, wanapiga kura, na mara nyingi watu huelewa.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na mpaka leo sijapoa. Kwa sababu sababu ilikuwapo, nzuri, ya kushinda kura, na sikuweza kuitamka. Nisimame ukumbini mbele ya watu arobaini nieleze kwamba mama yangu anapenda kuvua mtandio? Niwaombe waume wa watu wapige kura juu ya nywele zake? Wangekubali, najua. Wangemwonea huruma, na kila ambaye angepita nyuma ya vile vichaka angejua nini kiko upande wa pili. Stara inayoombwa kwa fomu imekwisha kuvuliwa. Nikamwambia yule bibi hakuna sababu yoyote, napenda vichaka tu. Akaandika hivyo.

Nilikata Jumamosi. Nilikata kwa hasira, nikitupa matawi mekundu kwenye toroli kama watu walionikosea. Mke wangu alikuja mara moja akaniambia nisikate vidole. Nilipomaliza nikaketi kwenye kiti cha mama kujaribu. Nilimwona jirani wa kushoto akiosha gari, naye aliniona, akanipungia mkono. Futi nne zilinifika masikioni, na mtu aliyesimama ng'ambo ya vichaka angeona mpaka kifuani. Miezi mitatu ya kumwagilia, na mama angerudi kwenye sofa mpaka tarehe ya ndege.

Nikaingia ndani kumwambia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, juu ya kamati, juu ya nchi hii, juu ya nyumba nyingine ambayo ningeitafuta mbali zaidi, ambako hakuna chama.

"Yaani wataka kuhama tena," alisema.

"Mama, futi nne hazikusitiri. Nimejaribu mwenyewe, nimekaa kitini."

"Kitini." Alinitazama kama anayetazama mgonjwa. "Na mimi tangu lini ni mtu wa viti? Umeninunulia masofa, nikakaa. Umenipa kiti cha nje, nikakaa, mgongo ukaniuma siku tisa, sikusema kwa kuwa umekifurahia. Kwetu uani uliniona na kiti?"

Sikuwahi kumwona. Miaka yote ya utoto wangu sikuwahi, na bado nilikwenda dukani nikanunua viti vinne, nikampima kwa kamba, nikaipigania kamba ile mbele ya kamati.

Alichukua mkeka aliokuja nao kwenye begi, ambao tulikuwa tumeuweka nyuma ya kabati kwa sababu haukuoana na zulia. Akautandika mwenyewe karibu kabisa na hazeli. Akaketi, akanyoosha miguu, akauvua mtandio. Majani yalimpita kichwa kwa zaidi ya futi moja. Nilizunguka mpaka kwa jirani, kwa ruhusa yake, nikatazama. Sikuona kitu ila majani.

Nilirudi na bado nikiwa na hasira, na nilimwambia hivyo. Kwamba si haki. Kwamba kupata kwake pa kukaa chini hakuwafanyi wao kuwa na haki ya kunikatisha vichaka vyangu. Kwamba Oktoba majani yatapukutika yote, na hata mkeka hautafaa kitu.

"Oktoba mimi niko Mombasa," alisema. "Hebu keti. Wasimama hapo kama mlingoti, wote watakuja kutazama una nini."

Nikaketi.