Jumamosi za Kupanga Tamasha

Bango lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa posho mill, hapa Kitale, juu ya mahali ambapo watu huegemeza magunia yao. Nilikuwa nangoja mahindi yangu yasagwe. Unga ulikuwa umejaa hewani, umetua kwenye nywele za watu na kwenye kope zao, hata kwenye herufi za lile bango, nikalisoma kama mtu anayesoma kitu kilichozama ndani ya maziwa. Tamasha la sanaa la jamii, lilisema, katika uwanja wa shule karibu na Kibabii, baada ya mavuno. Ngoma, nyimbo, vyungu, uchongaji, maigizo, ushonaji. Watu wote wanakaribishwa. Chini kabisa mtu alikuwa amechora kwa mkono mwanamke aliyetanua mikono yote miwili.

Nilimfikiria dada yangu palepale, kabla hata sijamaliza kusoma.

Dada ni mkubwa wangu. Anaishi Bungoma na mume wake, pembezoni mwa mji, na kwa miaka mingi aliuza mitumba katika soko la Chepkube. Ukiingia sokoni ulimsikia kabla ya kumwona. Mwaka mmoja kabla ya bango lile, asubuhi akiwa anafungua robota la nguo, mkono wake wa kulia ulikataa kumtii, kisha mguu, kisha maneno. Hospitalini walisema ni kiharusi. Mguu ulirudi polepole, kwa msaada wa fimbo. Mkono haukurudi. Maneno nayo yalipotea yote, likabaki moja tu: kesho.

Hatukujua kwa nini lilibaki hilo na si jingine. Akitaka maji alisema kesho. Kichwa kikimuuma, kesho. Akiniona naingia langoni, uso wake uling'aa, akasema kesho, kesho, kesho, kwa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu mwenye habari ndefu ya kunipa. Kuelewa alielewa kila kitu. Ukimtania alicheka mahali pa kucheka. Lakini akijaribu kujibu na kulisikia tena neno lile lile likitoka, alinyamaza, akageuza uso kwenye dirisha, na siku hiyo ilikuwa imekwisha.

Jumamosi iliyofuata nilienda Bungoma. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto, gunzi amelibana katikati ya magoti. Nikamweleza habari za bango: uwanja, ngoma, vyungu, yule mwanamke aliyechorwa. Aliliweka gunzi chini taratibu.

"Kesho?" akauliza. Safari hii lilikuwa swali kweli.

"Si kesho, Dada. Bado. Lakini tutapanga."

Shemeji hakupendezwa. Yeye ni mtu mpole, alikuwa karani wa serikali kabla ya kustaafu, na sasa anafuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Alinisindikiza hadi langoni, kisha akasimama.

"Shemeji, mimi sikatai ati kwa ubaya," alisema. "Lakini watu watamwangalia. Watamsalimia, ashindwe kujibu. Halafu wewe utarudi Kitale, na mimi ndio nitabaki na yeye akilia."

Nilimwambia tu kwamba kupanga si kwenda, na kwamba kupanga hakumwumizi mtu. Akakubali hilo. Basi tukaanza kupanga safari ambayo mmoja wetu hakuitaka, na ambayo mimi mwenyewe sikuwa na hakika nayo.

Ninafanya kazi katika ofisi ya kilimo, na nyumba yangu iko upande ambao asubuhi ukungu unateremka kutoka Mlima Elgon na kulala juu ya mashamba. Msimu ule mahindi yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu. Nikifungua dirisha nilifikiri nawaona watu wamejifunika mablanketi, wamesimama kimya wakingoja kitu kianze. Nilirudi kitandani, na katika dakika zile kabla ya kuamka kabisa, nilikuwa napanga. Nilipita njia yote kichwani: Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele, Bungoma, nimchukue Dada, kisha Kibabii. Nilimtafutia kivuli. Nilimtafutia kiti chenye mgongo. Nilitafuta choo kisicho na ngazi. Wakati mwingine usingizi ulinirudia katikati ya mpango, na hapo ukungu uliingia hadi uwanjani, watu wote wakawa na miguu ya ukungu, na Dada alitembea katikati yao bila fimbo, akipeana mikono kwa mkono wa kulia. Nilipoamka sikuhuzunika. Nilikwenda kazini nikiwa nimebeba kile kitu, nikijaza karatasi za mbolea huku sehemu yangu moja ikiwa bado kule.

Jumamosi nilimpelekea yote hayo Dada, isipokuwa habari ya kutembea bila fimbo. Tulikaa sebuleni nikamsimulia tamasha kana kwamba nimetoka huko jana. Nilisema kutakuja wachezaji kutoka Tongaren, wanaume wakubwa wenye njuga miguuni, mpaka ardhi iwe inatetemeka. Nilisema kutakuja wanawake kutoka Suam na vibuyu vilivyopambwa shanga. Sikujua kama watakuja. Niliwaleta tu. Dada alisikiliza amefumba macho, na nilipomweka mahali asipopapenda alifungua jicho moja na kutikisa kichwa, nami nikamhamisha. Hakutaka kukaa nyuma. Hakutaka kukaa karibu na vipaza sauti. Alitoa nguo zake na kuzitandaza kitandani, akazikataa zote, wiki iliyofuata akazitandaza tena. Nguo ya kijani ilikubaliwa, ikakataliwa, ikakubaliwa. Shemeji alikuwa akipita mlangoni na ndoo ya maziwa, anatuangalia, anaendelea na safari yake.

Jumamosi moja alikuja mwenzake wa sokoni, mama Mwislamu anayekaa karibu na msikiti wa mjini. Meza zao zilikuwa zimepakana Chepkube tangu watoto wao wakiwa wadogo. Alileta mandazi ya iliki, akamkuta Dada katikati ya zile nguo, akacheka, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuanza kuzikunja. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi hiyo. Ilikunja yenyewe huku akitupa habari za soko, nani kahama, nani kaolewa. Kisha habari zikaisha, na bila kufikiri akaanza kuimba ule wimbo waliokuwa wakiita nao wateja, wao wawili, mmoja akianza na mwenzake akimalizia:

"Njoo mama, njoo uchague…"

"…ya rangi yako ipo hapa," akaimba Dada.

Mama yule aliendelea kukunja. Nadhani alikuwa hajasikia bado, au alikuwa amesikia kama alivyozoea kusikia miaka yote ile. Aliimba mstari wa pili, na Dada akamalizia. Maneno yalitoka mazima, kila moja mahali pake, kwa sauti iliyokwaruza kidogo kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu. Ndipo shati likaanguka kutoka mikononi mwa yule mama.

Nje kuku walikuwa wakichakura majani makavu. Dada alitutazama mmoja baada ya mwingine, akafungua kinywa atueleze, na kilichotoka kilikuwa "kesho". Alijipiga paja kwa hasira. Mwenzake akamshika mkono, ule usiofanya kazi, akamwambia kwa upole asiongee. Akaanza wimbo upya, na Dada akamfuata hadi mwisho, machozi yakimtiririka bila sauti yake kuvunjika.

Nilipogeuka nilimwona shemeji mlangoni, mikono imelowa, povu la maziwa kwenye kiwiko. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Aliingia akaketi kwenye sanduku la nguo, kitu ambacho huwa anawakataza wajukuu. Kisha akaniuliza, akiangalia sakafu:

"Hiyo siku ya tamasha, tutatoka hapa saa ngapi?"

Baadaye muuguzi wa kliniki alitueleza kwamba nyimbo na mazungumzo havikai mahali pamoja kichwani, na kwamba upande mmoja ukiumia mwingine unaweza kubaki mzima. Alishauri aimbe kila siku. Lakini siku ile hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba Dada alikuwa bado yumo ndani, na maneno yake yote alikuwa nayo.

Siku yenyewe haikufanana na mipango yangu. Nilikuwa nimelala Bungoma, na kulipokucha kulikuwa na mawingu mazito. Dada aliamka akiwa ameamua kuvaa nguo ya zambarau ambayo haikuwahi kutandazwa. Tulikwenda kwa tuktuk, sisi wanne pamoja na yule mwenzake wa sokoni, shemeji amekaa mbele karibu na dereva amekumbatia kiti cha plastiki. Uwanjani vipaza sauti vilikuwa vimekataa kufanya kazi, vijana watatu wamevizunguka na nyaya, na mgeni wa heshima hakuwa amefika. Watu wa Tongaren walikuja kweli, jambo lililonishangaza, lakini walikuwa wazee wembamba, wapole. Walipoanza kucheza, njuga zikilia kwa upole kama mvua juu ya majani, nilimgeukia Dada nimwonyeshe. Alikuwa amelala. Alilala ngoma ile yote, kichwa begani kwangu, fimbo imeteleza miguuni, na sikumwamsha. Wingu lilikuwa limeshuka chini sana. Vumbi la wachezaji lilipanda likakutana nalo, na kwa muda nilihisi kwamba bado niko kitandani Kitale, kwamba haya yote nayapanga.

Watu walimwangalia, ndiyo. Baadhi walimtambua kutoka sokoni, wakaja kumsalimia. Shemeji alisimama na kuwajibu kwa niaba yake, akiwaeleza kwa sauti ya chini, na wao wakamgusa Dada bega wakaenda.

Alipoamka tulimpeleka kwenye hema la ushonaji. Kulikuwa na kitambaa kirefu kimetandazwa kwenye meza za darasani, na kila aliyepita alikuwa akichagua kiraka na kukishonea pale. Dada alisimama akavitazama vile viraka kwa muda mrefu. Macho yake yakawa ya sokoni, yale ya kupima kitambaa bila kukigusa. Akachagua kipande chekundu. Mwenzake akakishikilia, yeye akashona kwa mkono wa kushoto, mishono mirefu iliyopinda, akikunja uso kama mtoto wa shule.

Msichana aliyekuwa akisimamia hema alikuja na chaki. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, nadhani, mwenye nywele za kusukwa na nyuzi za rangi.

"Mama, tunaandika jina ya kila mtu kando ya kiraka yake. Wewe unaitwa nani?"

Nilifungua kinywa nijibu. Shemeji aliniwekea mkono begani. Aliuacha tu pale, mzito. Dada alimtazama yule msichana. Midomo yake ilianza kuunda lile neno lake, niliona, kisha akaifunga. Akavuta pumzi. Akaanza kwa sauti ya chini ule wimbo wa kuita wateja, lakini bila maneno, akiutafuta tu mdundo, na mahali ambapo wimbo husema ya rangi yako ipo hapa, aliliimba jina lake. Jina la ubatizo, na lile alilopewa na bibi yetu. Yote mawili.

Hakuwa amelitaja jina lake tangu asubuhi ile ya robota.

"Majina mazuri," alisema msichana, akiinama kuandika. Hakujua alichokisikia. Alidhani ni mama mmoja mchangamfu aliyekuja kwenye tamasha la sanaa na kuamua kuimba. Alimshukuru, akaenda kwa mtu mwingine na chaki yake. Sisi tukabaki pale tukiangalia herufi nyeupe juu ya kitambaa. Yule mama wa msikitini alijifuta macho kwa ncha ya buibui. Shemeji alikuwa ametoka nje ya hema, na nilipomfuata nilimkuta amesimama akiangalia vyungu, safu nzima ya vyungu, akivisoma kama gazeti.

Mvua ilitukuta tukiwa njiani kurudi, mvua kubwa, dereva akateremsha maturubai ya pembeni, tukawa ndani ya giza la bluu lenye harufu ya nguo mbichi. Dada alikuwa anavuma wimbo mdomoni.

Mazungumzo hayakumrudia, na muuguzi anasema huenda yasirudi. Lakini siku hizi ukikaa nao jioni utamsikia akiimba kwamba chumvi imepungua, akiimba kwamba mlango umeachwa wazi na mbu wanaingia. Mara nyingine anakwama katikati, anaanza upya. Mwezi uliopita nilikuwa barazani akamwimbia mumewe aje ale kabla chakula hakijapoa. Shemeji hajui kuimba hata kidogo. Kanisani huwa anafungua kitabu tu. Lakini kutoka zizini, juu ya sauti ya maziwa yakiingia ndooni, nilimsikia akimjibu, kwa tuni isiyokuwepo mahali popote, kwamba anakuja, amalizie huyu ng'ombe mmoja, anakuja.