Nyayo za Danati

Col Trezise alikata manyoya ya kondoo hadi mgongo ukamgomea, ndipo akashika kazi ya kutega wanyama wadogo ili wahesabiwe, katika hifadhi moja nje ya mji wa Broken Hill. Alifukia ndoo kwenye mchanga mwekundu, na asubuhi akawaokota danati waliotumbukia: wanyama wa mfuko, wadogo kama vipanya, walao mende na nge.

Kazi ilikuwa kuwatofautisha kwa aina. Mkia mnono hudanganya, kwani mwaka wa njaa hukonda. Mstari wa usoni kwa wengine hauonekani vizuri. Col alikuwa akimgeuza mnyama chali na kutazama unyayo: vipele vimeshikana au vimeachana? Kisha alitaja aina yake na kumwachia.

Mwaka mmoja mkewe, Beryl, alimpelekea chai, akamkuta amemshika danati kwa mkono ulionyooka, kama kitu kinachonuka.

"Mbona umemweka mbali hivyo? Kakukosea nini?"

"Jua linanipiga."

"Jua liko mgongoni mwako, Col."

Akamwachia mnyama bila kutaja aina yake. Jioni, walipokuwa wakila nyama ya kondoo, alisema huku macho yakiwa kwenye sahani, "Vipele sivioni tena, mama. Ukungu mtupu." Baba yake Col alikuwa amepofuka, akamalizia maisha kwenye kiti cha barazani. Beryl alilijua hilo.

Kesho yake Beryl alimtangulia mumewe garini.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kazini."

Danati wa kwanza alimng'ata kidole. Beryl akatoa tusi ambalo Col alidhani ni wakata manyoya tu walijualo, naye Col akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akamfundisha kumbana mnyama shingoni taratibu.

"Haya, vimeshikana?"

"Vimeachana. Ngoja... ndiyo, vimeachana."

"Na mkia?"

"Mrefu kuliko mwili."

"Basi huyo ni wa uso wa mstari. Mwache aende zake."

Majira yale walifanya kazi hivyo, yeye akitazama, mumewe akitaja. Baadaye Beryl akamburuta hadi kwa daktari huko Adelaide. Kumbe ni mtoto wa jicho tu, akapasuliwa, akaona.

"Sasa unaweza kupumzika nyumbani," Col akamwambia.

"Wewe umepata macho, mimi nimepata kazi. Sogea."

Wakaendelea kutega pamoja miaka mingi, wakibishana juu ya kila mnyama mchanga ambaye alama zake hazijajitokeza, na mara nyingi Beryl ndiye aliyekosea.