Walioondoka na Waliofika

Wanangu ndio walioanza. Nilipostaafu kazi ya kupanga sinia za chakula cha ndege kule Hayes, Landani, walinong'onezana wiki nzima, kisha wakanitangazia kuwa zawadi yangu ni likizo ya Karibiani. Tungekodi boti la mashine, tuliendeshe wenyewe, leo kisiwa hiki, kesho kile. Nikawauliza, mimi niliyezaliwa Pemba, nani kawaambia nina hamu ya visiwa vya watu? Binti yangu akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba nisianze. Basi sikuanza.

Kikwazo kilikuwa nahodha. Kampuni ya boti ilitaka mmoja wetu awe amewahi kushika usukani baharini, la sivyo tumchukue nahodha wao. Kaka yangu aliposikia hivyo, uso ulimchangamka. Alikuwa ameshapita miaka sabini, na Landani walimjua kwa kuendesha basi, lakini ujanani alishika usukani wa boti la tajiri mmoja, akipeleka abiria Wete na Mkoani. "Nahodha wa nini, na mimi nipo?" akasema. Tangu mkewe afariki nilikuwa sijamwona akitaka kitu. Hili alilitaka, na wanangu walifurahi kuliko yeye.

Kampuni ikaleta fomu. Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, kaka alikuja jikoni kwangu amevaa koti lake la Idi, utadhani anakwenda kuposa. Nikamtania, akacheka. Mimi nasoma kwenye kompyuta na kumfasiria, yeye ananijibu, mimi naandika. Kwanza nilimsomea maneno ya mwisho, pale pa kutia sahihi, kwamba mwombaji anathibitisha yote aliyoyasema ni kweli. Akaitikia kwa kichwa. Aina ya boti, tukajaza. Nguvu ya mashine, tukajaza. Halafu fomu ikauliza safari ndefu kuliko zote aliyowahi kuiongoza.

"Pemba mpaka Shimoni," akasema.

Safari hiyo ya kuvukia pwani ya Kenya niliijua, maana ndiyo iliyotuleta huku. Baada ya Mapinduzi, baba, aliyekuwa karani wa forodha, aliwekwa ndani mara mbili, na aliapa hapatakuwa na ya tatu. Mimi nilikuwa na miaka sita. Mama na mimi tulitangulia Mombasa kwa cheti cha hospitali. Baba na kaka walikuwa watufuate kwa siri, kwa boti lile lile la tajiri, pamoja na watu wengine. Kaka alifika peke yake. Mama alimpokea mlangoni, na kabla ya salamu akamuuliza, "Baba yako yuko wapi?" Kaka akasema, "Anakuja." Alisema baba kachelewa, kabaki nyuma, atatafuta chombo kingine.

Kwa neno hilo moja mama aliishi mpaka alipokufa. Hakukaa eda, kwa sababu anayekaa eda ni mjane, na yeye alikuwa na mume anayekuja. Hatukumsomea baba hitima. Mombasa mtu mwema alimposa, mama akamrudishia ujumbe kuwa ana mume. Tulipohamia Landani, alisikia kuwa wengi waliokimbia walifikia Muskati, basi kila kiangazi, Waomani walipokuja kupumzika, alikwenda Edgware Road, mtaa wa mikahawa ya Kiarabu. Nusu yao wanasema Kiswahili kama chetu. Aliingia mkahawa mmoja baada ya mwingine na picha ya baba, akawaomba radhi wanaokunywa chai, akawauliza kama wamewahi kumwona mtu huyu. Walimjibu kwa heshima, inshallah, bibi, tutauliza. Aliyempeleka ni kaka, kila alipopata mapumziko. Alisimama nyuma yake amemshikia mkoba.

Nirudi kwenye fomu. Palikuwa na vyumba viwili vya kujaza, walioondoka na waliofika.

"Walioondoka?" nikauliza.

"Tisa."

"Waliofika?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Nane."

Nikamwambia kakosea hesabu. Akasema hakukosea. Akanieleza akiwa anaitazama meza. Walitoka alfajiri. Jua lilipokwisha panda, waliona boti la askari kwa mbali, naye akakata usukani ghafla kwa nguvu zote. Baba alikuwa amesimama nyuma, anampitishia debe la petroli. Debe lilianguka ndani, baba akaanguka nje. Kaka alikiona kichwa chake juu ya maji mara mbili. Waliobaki walimwambia twende, tutakamatwa sote, naye akaenda. Alikuwa na miaka kumi na minane. Walipofika Shimoni aliwaomba wanyamaze. Walikuwa watu wa mbali wasiotujua, wakatawanyika kila mmoja na njia yake.

Nilimuuliza kwa nini leo. Miaka yote hii, kwa nini leo, jikoni kwangu?

"Umenisomea mwenyewe," akasema. "Natia sahihi kuwa ni kweli."

Nilipandwa na hasira ambayo sikuijua kuwa ninayo. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii kaka yake. Nilimwambia, kampuni ya boti, watu usiowajua hata sura, umewaona wanastahili ukweli, na mama uliyemshikia mkoba Edgware Road hukumuona. Nilimwambia mama kafa anasubiri, na siku ya mwisho aliniusia kanzu ya baba ipigwe pasi. Sikumpa nafasi ya kujibu. Nilipochoka akasema taratibu, "Sikuiona maiti, dada. Na mimi pale Edgware Road nilikuwa namtafuta."

Kisha akaniuliza lile lililomleta, nadhani, tangu alipovaa koti. "Sasa umejua. Utanipa wanao niwachukue baharini?"

Nilifunga kompyuta. Hilo ndilo jibu nililompa, na alilielewa. Alivaa miwani yake, akanywa chai iliyokwisha poa mpaka ikaisha, akaniaga vizuri. Sikumsindikiza mlangoni.

Jioni ile niliwaambia wanangu kuwa mjomba magoti yanamsumbua, hataweza. Waliamini papo hapo, wakasikitika, wakamchukua nahodha wa kampuni. Ilinichukua sekunde moja tu kuwadanganya, na mpaka leo sijawaambia. Nilitaka kumsomea baba hitima, ila watu wangeuliza imekuwaje leo. Nikamsomea peke yangu chumbani, na kanzu yake mapajani.

Karibiani tulikwenda. Tulipanda boti, mimi, binti yangu na mumewe, wajukuu wawili, na mwanangu wa kiume. Nahodha alikuwa kijana mcheshi, anakata kona kwa madaha ili watoto wapige kelele. Wote walicheka. Mimi nilishika jaketi za kuokolea za wajukuu kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi, na kila alipokata kona nilitazama nyuma ya boti. Tulishuka kisiwa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Sikumbuki hata kimoja kilivyokuwa.

Tukielekea cha nne mwanangu alimpigia mjomba wake simu ya picha, amwonyeshe bahari. Kaka alikuwa jikoni kwake, amevaa koti lile lile. Tulikuwa hatujasemezana tangu Jumamosi ile. Alimsikiliza mwanangu, akasifu boti, akauliza mashine ni ya nguvu gani. Halafu akaniomba mimi. Nikaishika simu.

"Mmepanda wangapi?" akaniuliza.

"Sita. Na nahodha, saba."

"Mkishuka," akasema, "hesabu tena, kisha unipigie."

Tuliposhuka niliwasimamisha wote mchangani, nahodha pia, nikawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, na mimi mwenyewe, wajukuu wakinicheka. Nikampigia. Nikamwambia, "Saba, kaka." Nilimsikia analia, nikakaa naye kwenye simu mpaka akamaliza.