Mazoezi ya Redioni

Juzi binti yangu alikuwa sebuleni anarukaruka na ule mchezo wa mazoezi wa kwenye televisheni, unamwambia inama, inuka. Nilimtazama tu, nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nikiwa bado mdogo, nyumba yetu ya mtaa wa Cheyo ilinuka dawa ya kuchua. Baba alikuwa ameanguka kutoka kwenye behewa pale stesheni ya Tura, goti likakakamaa, na daktari akamwambia asipoweza kuchuchumaa na kuinuka, kazi ya reli ndiyo basi. Kwa hiyo akawasha redio, kipindi cha mazoezi.

"Inama! Inuka!"

Mimi nikadhani ni swala. Nikatawadha, nikajitanda kanga ya mama, nikasimama nyuma yake.

"Mama, unasali nini?" baba akaniuliza.

"Nakufuata wewe, baba."

Akacheka. Kisha akachuchumaa, akaenda chini mpaka paji la uso likagusa mkeka. Na mimi nikasujudu. Mama akapaza sauti toka jikoni, "Baba Zuhura, betri hizo zitaisha!" Baba akabaki vilevile, paji la uso mkekani. Nikadhani anaomba dua ndefu, nikamsubiri.

Sasa najua goti lilikataa kumwinua. Siku ile redio iliwaaga wasikilizaji, sisi bado tuko chini.