Tundu la kamera ya kukunja lililomtoa babu yangu kwake

Wakuu, hamjambo. Haya yametokea kwetu, ndani ndani huko nyuma ya Kilifi, na sijatia chumvi. Majina tu nimebadilisha.

Mimi natengeneza simu hapa Malindi. Mwitaliano mmoja alipokuwa anahama aliniachia kamera yake ya kizamani, ile ya kukunja. Ukibonyeza, lenzi inatoka mbele, na nyuma yake kuna kitu cheusi cha mikunjo mikunjo kama kinanda cha mkono. Niliipenda vibaya sana. Nikaagiza filamu Nairobi.

Siku ya mahari ya dadangu nikaipeleka nyumbani, nikamaliza filamu nzima. Picha moja, binamu yangu Karisa amesimama na Babu Charo, ndugu mdogo wa marehemu babu yetu. Babu amemwekea mkono begani.

Picha zilipotoka, kichwani kwa Karisa palikuwa na doa jeupe. Nikazituma kwenye group ya familia, watu wakafurahi, hakuna aliyeuliza.

Haukupita muda, Karisa akagongwa na lori akiwa kwenye bodaboda. Akafa pale pale.

Matangani mtu akaifungua ile picha. Mkono wa Babu, doa la Karisa. Basi, uchawi ukawa umepata ushahidi.

Mnajua mzee mwenye mvi anayeishi peke yake huku kwetu anavyotazamwa. Na shamba la Babu limepakana na barabara mpya, hilo pia mliweke akilini. Vijana wakasema waziwazi: ahame, au asiulize kitakachompata.

Nikaingia mtandaoni kusoma habari za kiwanda kilichounda kamera ile. Kilikuwa Ujerumani. Zamani mikunjo ilikuwa ya ngozi halisi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ngozi ikawa adimu, wakahamia kitambaa cha plastiki.

Plastiki hiyo hukauka kwenye kona, ikatoboka vitundu vya ncha ya sindano. Mwanga unaingia, picha inapata doa. Kamera chungu nzima ziliharibika hivyo. Baadaye Wajapani wakawazidi sokoni, kiwanda kikafungwa, na wenye kamera zile wanalalamika mpaka leo.

Nikaimulika yangu kwa tochi ya simu. Tundu lile pale.

Nilifurahi wakuu, nikadhani nimemwokoa mzee.

Familia ikaitisha kikao, nikaeleza yote. Nikawaonyesha picha nyingine za filamu ile ile. Doa liko mahali pale pale, hata juu ya mbuzi aliyefungwa uani.

Ami Katana, babake Karisa, akaichukua ile ya mbuzi, akaitazama sana. Hakuwa na hasira.

"Mbuzi huyu ndiye tuliyemchinja matangani," akasema. "Tundu nimelikubali, mwanangu. Sasa niambie mbona doa lilimwangukia wangu."

Na kwa kweli nilimhurumia.

Siku hiyo hiyo nikaondoka na Babu. Tunaishi naye chumba kimoja, Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa Malindi. Nyumba yake tumesikia imechomwa.

Juzi akaniomba nimsimulie tena habari za kiwanda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wale mafundi walijua kwamba wanaharibu?"

Nikamwambia, "La, Babu, hawakujua."

"Basi na mimi huenda nilimuua nisijue."

Wakuu, hilo limeniuma kuliko nyumba. Hao vijana nimewachukia, sifichi, lakini sikutarajia mzee mwenyewe aje awaunge mkono.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani ukishajua jambo lilivyotokea umemaliza kazi. Kumbe mtu aliyefiwa anauliza kwa nini limempata yeye, na hilo sikulikuta popote katika historia ya kiwanda.

Changieni, ila matusi kwa familia yangu sitaki. Nataka neno ninaloweza kumsomea Babu. Siku hizi watoto wa jirani wakiwa uani hatoki nje, anasema asije akawadhuru.