Neno Nililompa Bibi Kokugonza

Kitabu kipya cha Kiingereza kina harufu yake, ya gundi na wino. Juzi mjukuu wangu alinifungulia ukurasa wenye picha ya kizee aliyepanda ufagio, akauliza, "Bibi, witch ni nini?" Nikasingizia macho. Macho yangu ni mazima. Neno lenyewe ndilo nisiloliweza.

Nililipata Rwamishenye, nilikokuwa nikisoma nikiishi kwa mjomba. Mwalimu alisema ni mwanamke mchawi, mara nyingi kizee anayeishi peke yake na majani yake ya dawa. Likizo ilipofika nikarudi Ngenge, kwenye kijiji chetu kipya cha ujamaa, nimejaa Kiingereza pomoni. Wanawake waliokuwa wakipukuchua maharage uani kwetu wakanitaka niwaonjeshe nilichosomea. Akapita jirani yetu, Bibi Kokugonza, amebeba majani ya dawa. Hakuwa na ndugu pale kijijini. Wanawe walihamia Uganda.

"Yule ni witch!" nikasema, nikawatafsiria. Walicheka hadi wakashika mbavu. Mama peke yake hakucheka. "Ulimi unauma kuliko meno," aliniambia.

Jioni Bibi Kokugonza akaniita. "Mwanangu, mbona walicheka? Ulisema mimi ni nani?"

 Nikamjibu kwamba kwa Kiingereza ni mtu mwenye busara. Alifurahi jamani! Alilirudia neno lile mpaka likamkaa ulimini.

Wiki iliyofuata tulikuwa sote shamba la kijiji. Wakati wa kupumzika Bibi Kokugonza alifungua kifurushi cha jani la mgomba, ndani mna akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna, alizozichemsha na mitishamba yenye harufu tamu. Kwetu Wahaya, anayekukaribisha hutafuna yeye kwanza ili ujue haina neno. Akatafuna moja, akanyoosha kiganja, uso umemchangamka.

"Karibuni, waitu, wapendwa wangu. Msiogope, mimi ni witch!"

Hakuna aliyepokea. Mmoja alisema jino linamuuma, mwingine kwamba ameshiba. Bibi akabaki na mkono wake hewani, akitutazama mmoja mmoja. Nami nilikuwepo, nimeshika jembe. Sentensi moja tu ingetosha, lakini niliogopa fimbo ya baba, nikainama nikapalilia mahali palipokwisha kupaliliwa.

Tangu siku hiyo kahawa yake haikupata wa kuitafuna, na kila mtoto alipopata homa macho yaligeukia mlango wake. Kabla ya mavuno alifungasha akaenda kwa kaka yake, Kagondo. Aliniaga kwa kunishika shavu, akaniita mwalimu wake.

Ukubwani nililitafuta katika kamusi nene. Ni neno la kale mno, zamani hata wanaume waliitwa hivyo, na lilikotoka hasa wataalamu hawana hakika. Sina ubishi nao. Najua tu aliyelifikisha Ngenge, na kwamba Bibi Kokugonza alikufa akiamini nilimsifu.