Kifungo cha Kiprono

Enzi zetu, miaka ya hamsini, wajukuu wangu hawakuwepo kutufundisha kwamba mshindi wa ngumi ni mwenye misuli. Nawacheka tu. Kule Kericho misuli tuliihesabu mwisho. Kwanza ulitazama nani amesimama upande wa juu wa mteremko, maana mvua ilinyesha karibu kila alasiri na njia za katikati ya chai zilikuwa utelezi mtupu. Halafu ulitazama nani ana vidole vya miguu vinavyojua kushika matope. Na kubwa kuliko yote, nani ana shati moja tu.

Mimi nilikuwa na moja. Baba alikuja kutoka Kisii kuchuma chai, tukaishi kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba, na kila asubuhi mama alinikumbusha huku moshi wa kuni ukimtoa machozi: "Ukirarua hiyo shati, utaenda shule umevaa gunia." Kwa hiyo kabla ya kupigana tulivua mashati, tukayakunja vizuri na kuyalaza juu ya chai.

Kiprono, jitu la darasa letu, aliponinyang'anya manati niliyochongewa na babu kabla hajafariki, nilisahau hata kuvua. Nilikuwa namfikia kifuani. Nikawahi upande wa juu, nikamrukia, nikashika kola. Kitu kikaruka nyasini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kifungo yangu imeanguka."

Akapiga magoti, akinigeuzia mgongo. Wenzetu wakanihimiza, "Mpige sasa, hakuoni." Hata mtoto wa chekechea angemshinda. Lakini sauti yake ilitetemeka, nami nikaijua hofu ile, kwa sababu ilikuwa yangu. Nikapiga magoti kando yake. Tulipekua nyasi hadi mvua ikatukuta, ndipo nikakiona. Kiprono akakitia mdomoni kisipotee tena, akatoa manati mfukoni, akanipa.

Darasa lilibishana wiki nzima nani alishinda. Mimi nasema walishinda mama zetu, na hawakuwepo.

Siku hizi vijana wanapigana kwa simu, kila mmoja chumbani kwake, kabati limejaa mashati. Wanaumizana kuliko sisi, na hakuna anayemwona mwenzake akipiga magoti.

Kiprono tulimzika mwaka jana, karibu na Sosiot. Jeneza lilipofunguliwa tumuage, wengine walimtazama usoni. Mimi nilitazama kola. Vifungo vyote vilikuwepo, nikashukuru, nikalia.